Kamera Inayosoma Nyuso za Wanafunzi: Tuipokee au Tuikatae?



Mwezi Februari tulitembelewa na wajumbe watatu wa kamati ya elimu ya parokia moja ya kijijini. Walikuja na barua kutoka kwa marafiki zao wa ng'ambo, ambao kwa miaka mingi wameisaidia shule yao ya sekondari ya wasichana. Barua ilieleza kuwa marafiki hao wako tayari kugharimia kamera katika madarasa manne, pamoja na programu ya kompyuta yenye uwezo wa kutambua hisia za wanafunzi: nani anafurahia somo, nani amechoka, nani ana huzuni. Nia yao ni njema kabisa. Waliandika kwamba walimu ni wachache, madarasa yamejaa, na huenda mashine ikamwona binti mwenye shida kabla hajaacha shule.

Wajumbe hawakuja kutuuliza kama mashine hiyo ni nzuri. Walitaka tuwasaidie kuandika barua ya shukrani. Mwenyekiti wao alisema, "Mgeni akikuletea zawadi huifungui mbele yake na kuikagua." Tunakiri kwamba hata sisi ofisini mwanzoni tulifurahi. Shule ya kijijini kupata kitu ambacho hata shule nyingi za mjini hazina, nani asingefurahi? Lakini mmoja wetu aliuliza swali dogo: mashine inajuaje kwamba mtu ana huzuni? Hakuna aliyeweza kujibu. Tukaomba wiki kadhaa tujisomee kwanza, na makala hii imetokana na kusoma huko. Tumeiandika kwa ajili ya kamati zote na wafadhili wetu wote, kwa kuwa barua ya namna hii haitakuwa ya mwisho.

MASHINE HUFANYA NINI HASA?

Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Ekman, alikwenda Papua New Guinea kwa watu wa kabila la Fore, ambao wakati huo walikuwa na mawasiliano machache sana na watu wa nje. Aliwasimulia visa vifupifupi, kisha akawaonyesha picha za nyuso na kuwaomba wachague uso unaolingana na kila kisa. Kutokana na kazi hiyo alitetea hoja kwamba binadamu wote wana hisia chache za msingi, yaani furaha, huzuni, hasira, hofu, mshangao na karaha, na kwamba kila moja ina alama yake usoni, mahali popote duniani. Mwaka 1978 yeye na mwenzake Wallace Friesen walitoa mwongozo unaotaja kila mwendo wa misuli ya uso kwa namba. Kukunja nyusi ni namba 4. Kuvuta kona za midomo kwenda juu, kama mtu anayetabasamu, ni namba 12.

Ukishaugeuza uso kuwa namba, kompyuta inaweza kuushughulikia. Mwaka 1997 Rosalind Picard, mtaalamu wa chuo cha MIT huko Marekani, alichapisha kitabu kuhusu kompyuta zinazoshughulika na hisia za watu, na tangu hapo uwanja huu ukakua. Ni haki kusema kwamba wengi walioanzisha kazi hii walitaka kusaidia wenye shida. Rana el Kaliouby, mzaliwa wa Misri, ambaye mwaka 2009 alianzisha kampuni pamoja na Picard, hapo awali alifanya utafiti wa kutengeneza chombo cha kuwasaidia watu wenye usonji kuelewa nyuso za wenzao.

Mashine ya sasa hufundishwa hivi. Watu hukusanya maelfu ya picha za nyuso. Kila picha hupewa jina: huyu ana furaha, huyu ana hasira. Mara nyingi wanaotoa majina hayo ni watu waliolipwa kutazama picha, au waliopigwa picha ni watu walioombwa waigize hisia fulani. Kompyuta hulinganisha picha hizo hadi igundue maumbo yanayojirudia chini ya kila jina. Halafu kamera ikiwekwa darasani, programu hutafuta nyuso, hupima nyusi, macho na midomo, na kutoa makisio: asilimia fulani huzuni, asilimia fulani mshangao. Msomaji atazame vizuri hapa. Mashine haijawahi kuambiwa na mwenye uso kwamba alikuwa anasikia nini moyoni. Imefundishwa kukisia vile ambavyo mtu mwingine, aliyekaa mbali, angekisia.

Tulijaribu programu moja ya bure kwenye kompyuta ya ofisi. Mhasibu wetu alikaa mbele yake akiendelea na kazi, na mashine ikaandika "hasira" kwa muda wote. Alikuwa anajumlisha stakabadhi za mafuta ya gari. Tulicheka sana, lakini baadaye tulijiuliza ingekuwaje kama jina lile lingeandikwa kila siku kwenye faili la mtoto wa Kidato cha Kwanza.

Zipo njia nyingine zisizotumia kamera. Kuna mikanda inayovaliwa kichwani ili kupima umeme wa ubongo, na kuna programu za kujifunzia zinazofuatilia tu jinsi mwanafunzi anavyobonyeza majibu na muda anaochukua. Hizi za mwisho tutazirudia, kwa kuwa ndizo zilizotufundisha jambo tusilolitarajia.

YALIYOTOKEA CHINA

Mwezi Mei 2018 habari zilienea kuhusu shule moja ya sekondari katika mji wa Hangzhou. Kamera tatu zilifungwa juu ya ubao, na kila baada ya sekunde 30 zilichunguza darasa zima. Mfumo uliandika nani anasoma, nani anaandika, nani amenyoosha mkono, nani amelalia dawati. Tena uliziweka nyuso katika mafungu saba, yakiwemo furaha, huzuni, kukata tamaa, hasira na hofu. Mwanafunzi aliyeonekana kutozingatia kupita kiwango fulani, mwalimu alipewa taarifa. Uongozi wa shule ulieleza kuwa shabaha ni kuboresha ufundishaji. Wanafunzi waliohojiwa na waandishi wa habari walisema wanahisi macho yasiyoonekana yakiwatazama muda wote, na kwamba hawathubutu tena kuacha mawazo yatangetange.

Hilo la mwisho tulilisoma mara mbili. Watoto walijifunza kitu, ndiyo. Walijifunza kutengeneza uso wa mtu anayesikiliza. Ukiwafundisha watoto hivyo kwa mwaka mmoja, mashine itaandika kwamba darasa lote ni zuri, na yule mwenye shida atakuwa amejificha zaidi kuliko alivyokuwa kabla ya kamera kuja.

Mwaka 2019 ilikuwa zamu ya shule moja ya msingi katika eneo la Jinhua. Huko watoto walivaa mikanda kichwani wakiwa darasani, yenye vifaa vya kupimia vikigusa paji la uso na nyuma ya masikio. Taa ndogo mbele ya mkanda iliwaka nyekundu kama mtoto amezama katika somo, na bluu kama mawazo yake yamehama. Mwalimu aliona rangi zote akiwa mbele ya darasa, na taarifa zilifika kwa wazazi pia. Video ya watoto hao ilipoenea, wananchi wa China wenyewe walikasirika, na mamlaka ya elimu ya eneo hilo ikaamuru mikanda iondolewe.

Hong Kong walikwenda kwa njia ya upole zaidi. Mwalimu wa zamani, Viola Lam, alianzisha programu iliyotumia kamera ya kompyuta ya mwanafunzi mwenyewe, na wakati wa ugonjwa wa Uviko-19, watoto walipokuwa wanasoma wakiwa nyumbani, shule nyingi ziliichukua. Mwaka 2021 bei yake ilitajwa kuwa kati ya dola 10 na 24 za Marekani kwa mwanafunzi mmoja kwa kila kozi. Mwanzilishi huyo alieleza bila kuficha kwamba programu yake ilifanya vizuri kwa sababu ilifunzwa kwa nyuso zinazofanana na za wanafunzi wake, na kwamba kwenye jamii ya watu mchanganyiko kazi ingekuwa ngumu zaidi. Tunamheshimu kwa ukweli huo. Kamati zetu zinapaswa kuuliza swali hilohilo: programu hii imefunzwa kwa nyuso za nani?

UFA ULIO KWENYE MSINGI

Hata tukisema nyuso za watoto wetu ziongezwe, tatizo haliishii hapo. Mwaka 2019 Lisa Feldman Barrett na wanasayansi wenzake wanne walichapisha mapitio marefu ya tafiti zilizokwisha kufanywa kuhusu uso na hisia. Waliona kwamba watu wenye hasira hukunja uso takriban mara 30 tu kati ya 100. Mara nyingine zote hasira ilikuwepo na uso haukukunjwa: mtu alinyamaza, alilia, au hata alitabasamu. Tena watu hukunja uso bila hasira yoyote, kwa mfano wanapofikiri sana au tumbo linapouma. Mhasibu wetu anaelewa.

Na ile hoja ya kwamba nyuso husomwa vilevile duniani kote? Mwaka 2014 Maria Gendron na wenzake walichapisha matokeo ya kazi yao kwa Wahimba wa kaskazini mwa Namibia. Waliwapa picha za nyuso wazipange kwa mafungu kadiri wanavyoona. Wahimba hawakuzipanga kama Wamarekani. Wengi walitaja kitendo badala ya hisia: huyu anacheka, huyu anatazama. Mwaka 2016 Carlos Crivelli na wenzake walirudi katika nchi ileile ya Papua New Guinea, safari hii visiwa vya Trobriand. Uso wa macho yaliyotoka na mdomo wazi, ambao kwa Ekman ni hofu, kwa vijana wa Trobriand ulikuwa uso wa mtu mwenye hasira anayetishia.

Msomaji wetu hahitaji kwenda Trobriand. Katika nyumba zetu nyingi, binti aliyelelewa vizuri hamkazii macho mtu mzima. Mwalimu akimwita huinamisha kichwa, na akijibu hujibu kwa sauti ya chini. Mashine inayopima usikivu kwa kufuata mwelekeo wa macho itamwandika kuwa hayupo darasani. Mtoto atakosa alama kwa heshima aliyofundishwa na bibi yake.

Kuna na suala la rangi ya ngozi. Mwaka 2018 Lauren Rhue alipitisha picha za wachezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani katika programu mbili za kampuni kubwa. Programu moja iliwaona wachezaji weusi kuwa na hasira zaidi kuliko weupe, hata pale tabasamu zilipolingana. Mwaka huohuo Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionyesha kwamba programu za kutambua kama uso ni wa mwanamume au mwanamke ziliwakosea wanawake wenye ngozi nyeusi hadi asilimia 34.7, wakati kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Programu zimerekebishwa tangu wakati huo. Lakini shule tunayoizungumzia ni ya wasichana weusi watupu, na barua ya marafiki haikutaja kama mashine yao imewahi kupimwa kwa watoto kama hao.

Sasa turudi kwenye zile programu zinazofuatilia majibu bila kamera. Mwaka 2010 Ryan Baker, Sidney D'Mello, Ma. Mercedes Rodrigo na Arthur Graesser walilinganisha tafiti tatu za wanafunzi waliokuwa wakijifunza kwa kompyuta. Waligundua kwamba adui wa kujifunza ni kuchoshwa na somo. Mtoto akishachoshwa huendelea hivyo kwa muda mrefu, na huanza kubahatisha majibu ili mradi amalize. Kukereka na swali gumu hakukuwa na madhara ya namna hiyo. Na tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba kutatizwa, yaani ile hali ya "mbona sielewi", huweza kumsaidia mtoto ajifunze zaidi, mradi apate wa kumsogeza mbele. Kwa hiyo hata mashine ikisoma uso sawasawa, bado kuna kazi. Uso uliokunjamana unaweza kuwa wa mtoto aliye karibu sana kuelewa. Mwalimu akikimbia kubadilisha somo kwa sababu mashine imempigia kengele ya "huzuni", amemnyang'anya mtoto dakika aliyoihitaji.

SHERIA NA MSIMAMO WA KANISA

Hapa tutasema kwa ufupi. Mwezi Juni 2022 kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba inaacha kutoa huduma ya kukisia hisia kwa kutazama uso, ikitaja kwamba wanasayansi hawajakubaliana hata juu ya maana ya hisia. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya akili mnemba mwaka 2024, na tangu tarehe 2 Februari 2025 ni marufuku katika nchi zake kutumia mifumo ya kukisia hisia za watu kutokana na nyuso au miili yao katika shule na mahali pa kazi, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Ndugu wafadhili mlioko Ulaya, tunaomba mlipime hili nasi. Kitu kisichoruhusiwa katika darasa la mjukuu wenu kisije huku kwa jina la msaada.

Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo inazihesabu taarifa za watoto na alama za mwili kuwa taarifa nyeti. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, na mwaka 2023 shule moja huko ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni nne za Kenya kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hizo zilikuwa picha tu, hazikuwa na jina la hisia juu yake.

Kwa upande wa Kanisa, Januari 2025 Vatikano ilitoa hati juu ya akili mnemba na akili ya binadamu, iitwayo Antiqua et Nova. Inaeleza kwamba hisia za mtu haziwezi kufupishwa kuwa mwonekano wa uso, kwa kuwa zinahusu mtu mzima na jinsi anavyohusiana na ulimwengu na maisha yake. Kuhusu shule, inasisitiza uwepo wa mwalimu mwenyewe karibu na mwanafunzi. Kamati zinazohitaji kuisoma zimwone paroko.

TULICHOKIONA SHULENI

Baada ya kusoma tuliona si haki kujibu bila kufika. Tulilala shuleni siku mbili. Tulimwuliza mkuu wa shule ni mabinti wangapi walioacha masomo mwaka uliopita na kwa nini, naye akatuelekeza kwa matroni wa bweni. Mama huyu ana daftari la mistari, la kurasa mia moja. Humo ameandika nani hakula chakula cha jioni, nani hakutembelewa siku ya wazazi, nani ameanza kufua nguo usiku, nani barua zake zinarudi bila kufunguliwa. Mbele ya majina sita ameweka alama ya msalaba. Tulimwuliza maana yake, akasema hao waliondoka. Wanne kati yao alikuwa amewaandika wiki kadhaa kabla.

"Mliwaambia nani?" tuliuliza.

"Ningemwambia nani, mwanangu? Mimi ni mmoja, mabinti ni mia mbili na arobaini, na stoo ya chakula pia ni yangu. Nikimaliza kugawa unga ni usiku."

Tulimweleza habari ya kamera. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema kwamba darasani mabinti wote hutengeneza uso, na kwamba yeye huwajua wakiwa bombani na mezani. Akauliza kama kamera hiyo inaweza kugawa unga.

TULIVYOJIBU

Mwezi Aprili kamati iliandika barua, nasi tukasaidia lugha tu. Iliwashukuru marafiki kwa moyo wao. Ikaeleza kwa nini haitaki kamera za hisia, kwa maneno karibu na haya mliyoyasoma. Ikaomba fedha hiyo, kama wakiridhia, ilipe mshahara wa mtunza stoo, ili matroni abaki na mabinti, na imsomeshe mwalimu mmoja ushauri nasaha na malezi. Kompyuta zilizotajwa katika barua kamati ilisema inazipokea kwa furaha, kwa ajili ya masomo ya sayansi.

Mwenyekiti alikuwa na wasiwasi hadi siku ya kuipeleka posta. Jibu lilifika mwishoni mwa Mei. Marafiki hawakukasirika. Waliandika kwamba wao wenyewe hawakujua habari ya sheria ya Ulaya. Ila wameuliza swali ambalo ni halali yao kuuliza: kamera ingewaletea taarifa kila wiki, matroni atawaletea nini? Hawaombi majina, wanaomba kujua kama mabinti wanabaki shuleni.

Kamati imeanza kuandaa jibu pamoja na matroni. Jambo moja limekwisha kuamuliwa: daftari lake halitapigwa picha wala kutumwa popote. Litakalotumwa ni hesabu ya walioondoka na waliorudi, kila muhula. Marafiki wakiridhia, tutachapisha makubaliano yao katika toleo lijalo. Kamati nyingine zilizopata barua za aina hii zituletee nakala ofisini kabla ya mwisho wa Septemba, hata kama zimekwisha kujibu.